Audacity si ujasiri tu: tafsiri yangu ilivyomponza dereva wa lori

#1 mfasiri_ilala (mleta uzi)

Wakuu, nawasalimu. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie, maana jambo lenyewe limenikaa rohoni tangu masika ya mwaka juzi na sijapata pa kulisemea.

Kazi yangu ni kufasiri nyaraka za watu: vyeti vya kuzaliwa, mikataba ya pango, barua za kazini. Siku hiyo nililetewa barua ya ukurasa mmoja kutoka kiwanda kimoja hapa Dar. Meneja aliyeiandika hajui Kiswahili. Aliyeandikiwa ni dereva wa lori, mtu mzima, na Kiingereza chake ni cha kuombea maji. Katikati ya barua kulikuwa na sentensi hii: "He had the audacity to change the route without asking anyone." Nikafungua kamusi, jibu la kwanza ni ujasiri. Nikaandika: "Alikuwa na ujasiri wa kubadili njia bila kumuuliza mtu yeyote." Nikagonga muhuri, nikapokea changu, nikaendelea na kazi nyingine.

Wiki mbili baadaye yule mzee alinifuata ofisini. Alikuwa na ile barua imekunjwa mara nne, mikunjo imeanza kuchanika. Akaifungua juu ya meza yangu, akaweka kidole kwenye neno ujasiri, akaniuliza, "Mwanangu, hapa si wamenisifu?"

Asubuhi ya siku aliyobadili njia, maji yalikuwa yamejaa Jangwani. Magari yamesimama, watu wanabebwa mgongoni. Yeye akageuza lori akazunguka njia ndefu, mzigo ukachelewa lakini ukafika mkavu. Aliposoma kwamba alikuwa na ujasiri, akajua ofisi imeelewa. Akaingia kwenye kikao cha nidhamu bila shahidi, bila maelezo ya maandishi, bila mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, kama mtu anayeitwa kupewa mkono. Akatoka na onyo la mwisho.

Tangu siku hiyo kila ninapolikuta neno hili nasimama. Asili yake ni Kilatini, kutoka kitenzi audere, yaani kuthubutu, na huko huko Kilatini lilikuwa na nyuso mbili. Mwaka 63 KK Cicero alisimama mbele ya Seneti ya Roma kumshambulia Catilina, aliyekuwa akipanga kuipindua serikali, akamuuliza hiyo audacia yake isiyo na hatamu itamfikisha wapi. Hapo ni lawama tupu. Miongo michache baadaye mshairi Virgil, akitumia kitenzi kilekile, anaandika kwamba bahati huwasaidia wanaothubutu. Hapo ni sifa.

Wafaransa wakalirithi. Tarehe 2 Septemba 1792, majeshi ya Prussia yakiwa yanaisogelea Paris, Danton, kiongozi wa Mapinduzi ya Ufaransa, aliwaambia wabunge kwamba ili nchi iokoke inahitajika audace, tena audace, siku zote audace. Aprili 1794 mapinduzi hayohayo yakamkata kichwa.

Kwa siku zetu wengi tulilisikia kwa Obama, aliyezaliwa na baba Mjaluo wa Kenya. Julai 2004, kwenye mkutano wa chama chake mjini Boston, aliposema "the audacity of hope" ukumbi ulisimama, na mwaka 2006 akaliweka neno hilo kwenye jina la kitabu chake. Ukiliandika hilo "ujasiri wa tumaini" unakuwa umelipunguza. Anachosema ni kwamba kutumaini wakati huna sababu ya kutumaini ni kitendo, na kitendo hicho kina gharama. Mimi ningesema uthubutu wa kutumaini.

Kwa hiyo neno ni lilelile, ila Obama anasifiwa nalo na dereva wangu anaonywa nalo. Kwa nilivyochunguza, siri iko kwenye maneno yanayolizunguka. Ukikuta "had the audacity to" ikifuatiwa na kitendo, karibu kila mara mwandishi amekasirika. Na hasira yenyewe haihusu hatari hata kidogo. Inahusu cheo: fulani amefanya jambo ambalo kwa nafasi yake hakutakiwa kulifanya. Yule mzee alikwepa hatari, akaandikiwa audacity. Meneja hakuwa anawaza maji ya Jangwani. Alikuwa anawaza yeye mwenyewe kutoulizwa.

Ninachoomba kwenu: kwa Kiswahili safi, sentensi ile ilitakiwa iandikwe vipi? Nimejaribu ujuba, ufidhuli, jeuri. Kila moja naona linavuka mpaka. Ufidhuli ni tusi, na meneja hakutukana.

#2 bint_shangani

Kwanza mpe pole huyo mzee. Kimeniuma.

Neno unalolitafuta huku Unguja tunalo kila siku: kudiriki. "Alidiriki kubadili njia bila kumuuliza mtu yeyote." Halina tusi, lakini msomaji anajua papo hapo kwamba msemaji hakupendezwa. Mama yangu akikasirika hapigi kelele. Atakaa kimya, kisha aseme, "Umediriki kunijibu?" Ukilisikia hilo, unatafuta pa kupita.

Ila uwe na hadhari nalo, kwa sababu lina maana nyengine ya kizamani ambayo wazee wetu bado wanaitumia, ya kuwahi au kupata nafasi. "Sikudiriki kumuona marehemu," maana yake nilichelewa, nilifika keshazikwa. Kwa hiyo likiwa kwenye ukanushi pekee yake linaweza kukupeleka pengine. Kwenye sentensi yako halina shaka.

Na kwa mazungumzo tu, pale Muingereza anaposhika kiuno na kusema "the audacity!", sisi tunasema "Jeuri hiyo kaipata wapi?" au "Ana macho makavu yule!" Macho makavu ni mtu asiyeona haya. Lakini hayo huwezi kuyaandika kwenye barua ya kazi.

Huyo mzee aliishia wapi?

#3 mkeka_wa_jumapili

Mkuu, mimi neno hili nimelijulia kwenye mpira na huko sijawahi kulisikia likiwa lawama. Mtangazaji wa Kiingereza akisema audacious ujue umeona kitu.

Fainali ya Mataifa ya Ulaya 1976, Belgrade. Czechoslovakia na Ujerumani Magharibi wametoka 2-2, wanapigiana matuta. Uli Hoeneß wa Ujerumani kapaisha. Anakuja Antonín Panenka, tuta la tano, akifunga kombe linakwenda kwao. Anakimbia kwa kasi kama anataka kuupasua mpira, Sepp Maier anajirusha upande, jamaa anaudokoa kwa chini tu. Mpira unapanda, unaelea, unashuka katikati ya goli pale pale alipokuwa amesimama kipa. Mpaka leo penalti ya aina hiyo inaitwa kwa jina lake dunia nzima.

Zidane akaipiga hiyo hiyo fainali ya Kombe la Dunia 2006, Berlin, dakika ya saba, mbele ya Buffon. Ikagonga mwamba wa juu, ikadondoka ndani ya mstari. Usiku huohuo akampiga Materazzi kichwa cha kifua, akatolewa nje. Cha kwanza wanakiita audacious, cha pili hakuna anayekiita hivyo, kwa sababu ile ilikuwa hasira. Ndiyo maana nasema neno hili lina hesabu ndani yake. Anayethubutu anajua bei ya kukosa, na bado anakwenda.

Sasa swali langu kwa mfasiri: Maier angesimama tu katikati, akaudaka ule mpira kama anapokea chungwa, wangeandika audacious kweli? Si wangeandika reckless, yaani mtu asiyejali hatari?

#4 mfasiri_ilala

@bint_shangani umenipa kitu. Kudiriki! Nimelisikia maisha yangu yote na siku ile halikuja kabisa kichwani, kwa sababu nilikuwa natafuta nomino ya kuweka mahali pa nomino. Kiingereza kimesema mtu *alikuwa na* kitu fulani, na mimi nikahangaika kumpa mtu wangu kitu cha kuwa nacho. Kiswahili kinakimbilia kitenzi. Habari ya mzee nitaisema mbele.

@mkeka_wa_jumapili swali lako ndilo lenyewe. Reckless, rash na foolhardy ni maneno ambayo mara nyingi hugawiwa baada ya matokeo. Kitendo kile kile kikifanikiwa ni daring, kikishindwa ni reckless. Sisi tuna wahenga wetu, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na ule msemo umekaa upande wa wanaobaki kuzika. Lakini kwa Panenka siafiki kwamba ni matokeo pekee. Yule mtu aliifanyia mazoezi ile penalti kwa muda mrefu pale klabuni kwake Bohemians, akibaki na kipa baada ya wenzao kuondoka. Hakuamka tu siku ya fainali akajilipua.

Na hapo niseme kuhusu dare, maana watu wanalichanganya sana. "Daring" hubeba sifa kuliko "audacity": uokoaji wa daring ni ule ambao waokoaji walijua wanaweza wasirudi. Lakini kitenzi chenyewe, dare, kinageuka kufuata maneno kinayoandamana nayo. "I dare you" ni uchokozi wa watoto, kwetu "thubutu uone". "Don't you dare" ni katazo lenye ngumi, na sisi tunalo kwa neno moja tu, tunalikata kwa sauti: "Thubutu!" Yaani jaribu, utaniona. "How dare you" ndiyo ile mwanaharakati wa mazingira Greta Thunberg aliyowarushia viongozi kule Umoja wa Mataifa, New York, Septemba 2019. Ukiifasiri "unathubutu vipi" umefasiri neno ukaacha ghadhabu. Msichana wa miaka 16 anawaambia marais hivyo, kwa Kiswahili ningemsikia akisema "Mnadiriki vipi!" au hata "Hamna haya!" Halafu "I dare say" haina uthubutu wowote, ni "nadhani" tu.

#5 nyundo_ya_chuma

Mimi nakupinga mleta uzi, na sikupingi kwa ubaya. Hukukosea. Kiswahili cha baba zetu, jasiri halikuwa sifa tupu. Jasiri haachi asili, mnaitumia lini methali hiyo? Anaposifiwa mtu? Tunaitumia kwa aliyekanywa akarudia yale yale. Neno lilikuwa na pande zote mbili kama hilo la Kilatini. Ninyi watu wa semina ndio mmelipaka rangi, leo kila mahali ujasiri, ujasiri. Mzee wa makamo alitakiwa ausome upande wa pili.

Na lawama kubwa ni ya hiyo ofisi. Umemwita mtu kwenye kikao, kwa nini barua isieleze kosa kwa namba ya kanuni? Wamtegemee mfasiri awakasirikie?

#6 kusi_na_kaskazi

Niko Mombasa. Nimeusoma uzi huu tangu jana na nina mawili ya kuongeza, kwa sababu Kiarabu nimekisoma chuoni tangu utotoni.

La kwanza linamuunga mkono ndugu nyundo. Jasiri tumelitoa kwenye mzizi wa Kiarabu j-s-r. Kitenzi jasara kina maana ya kuvuka, kukatiza kutoka ng'ambo hii hadi ile, na pia kuthubutu. Kutoka mzizi huo huo Waarabu wana jisr, daraja. Jasiri basi ni mtu anayevuka. Anaweza kuvuka mto, anaweza kuvuka mipaka yake mbele ya mkubwa. Pande zote mbili zimo.

Nilipofika hapo nikamkumbuka yule dereva wenu. Alisimama mbele ya maji, akakataa kuvuka. Kisha wakamwandikia jasiri.

La pili ni thubutu. Hili tumelitoa kwenye th-b-t, kuwa imara, kusimama pasi na kutikisika. Tazameni ndugu zake ndani ya Kiswahili chetu: thabiti, thibitisha, uthibitisho. Watu wengi wanazungumza maneno haya kutwa bila kugundua kwamba ni wa tumbo moja. Kwa hivyo kuthubutu kwa asili yake hakuna papara ndani yake. Anayethubutu ni yule ambaye moyo wake umesimama. Huyo mchezaji aliyebaki uwanjani na kipa mpaka magharibi ndiye mfano wake. Kama ni sifa mnataka, iwe ya Obama au ya huyo Mcheki, neno ni uthubutu. Ujasiri muuachie kule kati, atakayetaka kulisoma juu asome juu, atakayetaka chini asome chini.

#7 mama_wa_nyanya

Naomba na mimi niingie, mimi si msomi wa lugha. Nimeletewa uzi huu na mwanangu kwa sababu ya neno jasiri.

Mimi naitwa mjasiriamali. Mwaka 2018 mwishoni Rais Magufuli alitoa vile vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, elfu ishirini, kwa sisi ambao mauzo hayazidi milioni nne kwa mwaka. Changu bado ninacho, kamba yake imepauka. Siku nalipia sikufikiria jina. Baadaye nikakaa nikalikata: jasiri, mali. Nikajiuliza ujasiri wangu uko wapi.

Nikwambieni uko wapi. Saa kumi alfajiri niko soko la Ilala, tenga la nyanya limefungwa kwa kamba na majani. Juu naona nyanya nyekundu, ngumu, nzuri. Chini sioni. Huruhusiwi kulimwaga. Naweka mkono pembeni mwa tenga, nasikiliza kama kuna maji maji. Nanusa. Halafu natoa pesa yote, na humo kuna hela ya kodi. Nikifika kwangu nikafungua, robo tatu ni nzima, siku hiyo watoto wanakula nyama. Nikikuta nusu imeoza, nauza mafungu ya nyanya masalo kwa bei ya kutupa na mkopo wa kikoba unanisubiri Jumamosi. Hii sisi tunaita kujilipua, na najilipua siku sita kwa wiki.

Mnasema Kiingereza kina neno la mtu kama mimi, sijui. Lakini aliyetunga mjasiriamali aliliona tenga.

#8 mfasiri_ilala

Mama, shikamoo. Umeeleza kwa tenga moja nilichotaka kukieleza kwa kurasa.

Kiingereza wanamwita entrepreneur, na neno hilo wamelichukua Ufaransa, kwenye kitenzi cha kushika shughuli. Kushika tu. Halina tenga ndani. Neno lao lililo karibu na alfajiri yako ni venture, lililozaliwa kutoka adventure, ambalo kwa asili ni jambo linalokuja, jambo litakalokupata. Wafanyabiashara wa zamani wa Uingereza walikuwa wakiita venture ule mzigo waliopakia melini bila kujua kama meli itarudi, na pale Bristol chama cha wafanyabiashara wa namna hiyo kilipewa hati ya kifalme mwaka 1552 na kipo mpaka leo. Pwani yetu tulikuwa na hao hao, waliopakia jahazi wakisubiri upepo ugeuke. Kiswahili kilipotafuta neno la biashara ya kisasa kikamfuata jasiri na kumuunganisha na mali, na mimi naona ni katika maneno yaliyoundwa kwa akili kubwa sana. Inanisikitisha kwamba siku hizi mjasiriamali limekuwa jina la kiasi cha mauzo.

@nyundo_ya_chuma na @kusi_na_kaskazi, nakubali kwamba jasiri lina pande mbili kwa asili. Ila mimi simfasirii marehemu babu yangu. Namfasiria mtu anayesoma leo, ambaye neno ujasiri amelisikia kwenye mahubiri, kwenye mahafali na kwenye hotuba za Mei Mosi, na kote huko ni sifa. Yeye hana wajibu wa kuchimba mzizi wa Kiarabu wiki moja kabla ya kikao. Wajibu ni wangu. Kweli ofisi ingeweza kutaja kanuni, lakini kalamu iliyoandika ujasiri ilikuwa yangu.

#9 bint_shangani

Bado hujanijibu habari ya mzee. Na jengine: ukikuta "a daring dress" utaandika nini? Nguo yenye uthubutu?

#10 mfasiri_ilala

Nguo haithubutu, dada. Anayethubutu ni mvaaji. Naandika "nguo ya kuthubutu kuivaa" kama nafasi ipo, au naieleza ilivyo: mgongo wazi, mpasuo mrefu. Kwenye matangazo ya maduka wanapenda neno fupi, hapo hunitoa jasho.

Mzee. Alipotoka ofisini kwangu siku ile niliifasiri barua upya, bila malipo, nikaandika na maelezo ya nusu ukurasa kwamba kosa la tafsiri ni langu, nikaipeleka mwenyewe kiwandani. Waliipokea, wakagonga muhuri wa kupokelewa, wakaiweka kwenye faili lake. Onyo halikufutwa. Bado anaendesha, nilipishana naye mwezi uliopita pale Tazara, akapiga honi.

Wakati ule sikuwa na kudiriki. Nilikuwa nimeandika "alichukua uamuzi wa kubadili njia bila idhini, jambo ambalo uongozi unaliona ni utovu wa nidhamu." Ni ndefu na haina ladha, lakini haifichi kitu. Nilimpa nakala yake kabla ya kupeleka ya ofisi. Aliisoma akiwa amesimama mlangoni, taratibu, midomo ikicheza. Alipofika mwisho akarudi juu akaisoma tena. Kisha akaikunja.

"Hii," akasema, "hii ningeijibu."